Miwani ya Bibi Dorotea

Chuo kilipofunga, Mayala hakukaa nyumbani. Wenzake walilala mpaka jua liwachome usoni, lakini yeye aliamka mapema, akamchotea mama yake maji, akafagia uwanja, kisha akatoweka na begi mgongoni. Ndani ya begi hakikukosekana kitabu. Alikuwa anasomea ualimu, na mapenzi yake yalikuwa mawili tu, kusoma na kusafiri. Majirani wa Mkolani walimtania kwamba siku moja ataoa kitabu na fungate watakwenda kula kivukoni.

Jumamosi moja aliamua kwenda Sengerema kutembea. Paskazia, fundi cherehani wa nyumba ya pili, aliposikia, akamwita. Msafiri wa kwetu haondoki mikono mitupu. Asipobebeshwa mzigo atabebeshwa salamu.

"Shikamoo, mama," Mayala alisema.

"Marahaba. Ukishuka kwenye kivuko ng'ambo, Kamanga, pitia kwa mama yangu, Bibi Dorotea. Nyumba ya bati la bluu, hapo juu kidogo tu. Mpe hii miwani. Ile ya zamani ilikanyagwa na ndama, na kesho yeye ndiye msomaji wa somo kanisani."

Alimkabidhi kifuko cha kitenge alichokishona mwenyewe.

"Usijali, mama. Itafika," Mayala alisema, akaondoka.

Kivukoni alikiweka kile kifuko kando yake kwenye benchi, miwani isivunjike ndani ya begi, akafungua kitabu. Kilikuwa kinamhusu mtu aliyevuka jangwa kwa miguu. Ziwa lilipita, mawe yakapita, watu wakasimama na mizigo yao, naye bado yuko jangwani. Alishuka wa mwisho, kidole kikiwa katikati ya kurasa.

Alipofika mlangoni kwenye bati la bluu ndipo alipoutazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa mtupu.

Kabla hajageuka, Bibi Dorotea alishatoka. Mayala alijitambulisha kuwa ni jirani wa Paskazia, naye bibi akamkaribisha, akamletea kigoda na maji ya kunywa, akaenda kuchochea moto ili mgeni ale. Mayala angesema pale pale, mambo yangekwisha. Lakini alijiona mtu mzima, msomi, mwalimu mtarajiwa, na aibu ikamfunga mdomo.

"Paskazia hakukupa kitu?" bibi aliuliza.

"Alisema... bado hajaipata, bibi. Ametuma salamu tu."

Uso wa yule mzee ulisawijika. Alikaa chini taratibu, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Basi nitamwambia katekista atafute msomaji mwingine. Na somo lenyewe nilikuwa nalisubiri." Akaongeza, "Paskazia huyu! Aliniahidi kwa kinywa chake. Siku hizi mjini pamemsahaulisha mama yake."

Mayala alihisi masikio yanawaka moto. Alimkumbuka Paskazia akikunja kile kifuko kwa uangalifu. Mtu hakukosa lolote, na sasa mama yake mzazi anamlaumu.

Bibi alitoa simu ndogo kifuani, akamnyooshea. "Nitafutie jina lake, mjukuu wangu. Mimi herufi hizi sizioni. Nataka nimuulize mwenyewe."

Mayala aliipokea. Jina la Paskazia lilikuwa la kwanza kabisa. Angeweza kusema halipo, na bibi angeamini, kwa kuwa hakuwa na macho ya kumkagua. Wazo hilo lilimtia haya kuliko yote yaliyotangulia.

"Bibi, nimekudanganya," alisema, akitazama chini. "Miwani alinipa. Nimeisahau kivukoni nikisoma kitabu. Paskazia hana kosa."

Bibi aliichukua simu yake, akairudisha kifuani.

"Kivuko kinakwenda na kurudi," alisema. "Nenda kaulize. Huu muda uliokaa hapa ukinidanganya ndio tulioupoteza."

Mayala alikimbia. Kivuko kilikuwa kimevuka, ikabidi asubiri, na kiliporudi alieleza kosa lake mbele ya abiria wote. Mkatisha tiketi alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kumbe wewe! Mama mmoja alikuita weee, ukaenda zako na kitabu chako. Akaniachia mimi." Akatoa kifuko mfukoni. Abiria nao wakacheka, na Mayala akakipokea kwa mikono miwili.

Bibi Dorotea alivaa miwani, lakini hakuchukua Biblia. Alimtazama Mayala kwanza, kwa muda mrefu.

"Umelia," alisema.

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Kusahau ni kwa kila mtu. Mimi mwenyewe nimeunguza vyungu vingi. Na kusoma usiache, maana hata mimi nasoma. Ila ulipodanganya, ulichukua kosa lako ukambebesha mwanangu, naye hayupo hapa ajitetee. Mzigo wa mtu unaufikisha kwake. Kosa lako nalo ni mzigo wako, libebe mwenyewe."

"Nimesikia, bibi."

"Vizuri. Chakula kiko tayari, lakini bado kitu kimoja."

Aliichukua simu yake, akaisogeza, akasoma jina la bintiye pasipo kusaidiwa na mtu. Akabonyeza, akampa Mayala.

"Mwambie wewe," alisema.

Simu ikaanza kuita.