Kiti cha Tatu Makoko

Jioni ile ya Oktoba, mwaka themanini na nane, Jeska alitoka Mwisenge na kibuyu cha pombe ya ulezi. Alikuwa ametumwa na bosi wake, Mama Gunvor, Mnorwei wa miradi ya visima aliyekaa Makoko. Njia nzima alicheka kwa dharau. Babu zao Wazungu walituambia mizimu ni ushenzi, tukabatizwa. Leo mjukuu wao karudia mizimu ya kwao ya kabla ya Ukristo, eti majira ya baridi yanaanza, mabibi waliokufa walishwe. Baridi gani, Musoma, mtu anajipepea kwa sahani?

Sabuni ndiyo kwanza inarudi madukani, na mwenzetu anawamwagia wafu pombe!

Mezani palikuwa na mishumaa, ugali wa ulezi na viti vitatu vitupu. Mama Gunvor aliwaita mabibi zake wawili kwa majina, akamwaga pombe. Kisha akamwambia Jeska, mpishi wake, kwamba kiti cha tatu ni cha bibi yake Jeska, amwite.

Jeska akabinua mdomo. "Alikuwaga mlafi, atakuja tu. Wankyo! Njoo ule."

Mishumaa ikalala upande mmoja...

Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Ikaja harufu ya ugoro wa bibi, miaka tisa baada ya kuzikwa. Jeska hakuaga.

Njiani ndipo akili ilipomrudia. Kwao, mtoto akishapewa jina la marehemu, jina hilo haliitwi tena penye chakula cha wafu. Mwenye jina ni anayepumua. Na Wankyo anayepumua alikuwa binti yake wa miaka sita, aliyemwacha nyumbani amelala.

Alimkuta ameketi kitandani, macho makavu.

"Wankyo?"

Jeska akamshika bega.

"Wankyo, mama..."

"Hayupo," mtoto akanong'ona kwa sauti ya kikongwe. "Ameenda kula kwa Mzungu wako."

Jeska alirudi Makoko mbio, viatu mkononi. Mama Gunvor alimpokea akitabasamu, mjinga wa watu, akamwambia Jeska kwamba bibi yake aliyemwita amekuja na amekula vizuri.

Kiti cha tatu kilikuwa kimevutwa nyuma. Kwenye ugali palikuwa na alama za vidole.

Vidogo. Vya mtoto.

Jeska akapiga magoti, akamwita mwanawe arudi nyumbani. Aliita mpaka sauti ikamkauka, wala hakujua kama amesikika.

Aliporudi nyumbani, mtoto alikuwa amechangamka, anaomba uji. Jeska alilia kwa furaha, akampa kikombe. Mtoto akanywa taratibu, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Asante," akasema, "mjukuu wangu."