Fimbo Mbili za Fundi Saa

Fundi Saa alikuwa na duka jembamba, kati ya duka la viatu na duka la miwani. Ndani mlienea meza moja, kiti kimoja na mteja mmoja. Kutwa nzima aliinamia meza, lenzi imebanwa jichoni, akifungua saa za watu. Mchana alikula hapo hapo. Jioni alirudi nyumbani, akakaa tena.

Waliishi ghorofa ya tatu, yeye na mkewe. Watoto walikuwa wameshaondoka kwenda kwenye nyumba zao. Mkewe alifanya kazi ya kupiga pasi katika duka kubwa la dobi. Mke alishinda amesimama, mume alishinda ameketi, na wote wawili walirudi hoi. Maneno yao ya jioni yalikuwa machache.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya, funga dirisha."

Siku moja skrubu ndogo kama chembe ya mchanga ilimponyoka Fundi Saa. Alipiga magoti akaitafuta sakafuni mpaka jasho likamtoka. Kesho yake ikamponyoka nyingine. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa na ganzi. Hakumwambia mtu. Alijua vidole vikikataa, kazi imekwisha, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Lakini mkewe alimwona akihangaika na vifungo vya shati.

"Vidole vimefanya nini?"

"Baridi tu."

"Baridi gani, na jasho linakutiririka? Kesho tunakwenda zahanati."

Daktari alimpima, akambonyeza shingo na mabega.

"Shingo imekakamaa kwa kuinama," alisema. "Misuli imebana mishipa inayokwenda mkononi. Na presha imepanda kidogo. Nitakuonyesha mazoezi ya shingo. Dukani usikae mfululizo, inuka mara kwa mara. Na utembee. Ganzi ikizidi, au mkono ukikosa nguvu, rudi hapa haraka. Usijitibu mwenyewe."

Fundi Saa alifanya mazoezi ya shingo. Kutembea kulimshinda. Alizunguka mtaa peke yake jioni mbili tatu, akaona hakuna maana, akaacha.

Jioni moja jirani wa ghorofa ya pili alimkuta ameketi kwenye ngazi, anahema. Jirani huyo alikuwa mama mmoja aliyefanya kazi hospitalini, akiwanyoosha viungo wagonjwa waliovunjika au kupooza.

"Kaka, vipi hapo?"

"Napumzika kidogo, dada. Ngazi siku hizi zimekuwa ndefu."

"Ngazi ni zile zile. Jumamosi asubuhi njoo kwenye geti la uwanja wa mpira. Tuna kikundi chetu. Tunatembea kwa fimbo mbili."

"Fimbo? Dada yangu, mimi sijazeeka hivyo!"

"Hakuna anayeziegemea. Njoo uone. Ukiona ni upuuzi, rudi ukalale."

Mkewe alipoambiwa, aliweka kikombe chini ili acheke vizuri.

"Fimbo mbili! Na mbuzi wako wako wapi?"

Fundi Saa alinuna. Lakini Jumamosi alikwenda.

Pale getini alikuta watu wachache, wanaume kwa wanawake. Mmoja alikuwa mzee mrefu aliyewahi kukagua tiketi kwenye treni. Walimwita Bwana Tiketi. Mdomo wake haukupumzika. Jirani alimwazima Fundi Saa fimbo mbili nyepesi, zenye mikanda ya kuvaa mkononi.

Walianza. Fundi Saa alizichomeka fimbo chini mbele yake kila hatua, mabega yamepanda masikioni. Mkono wa kulia ulikwenda na mguu wa kulia. Kabla hawajamaliza kuuzunguka uwanja, shingo ilianza kumuuma.

"Mnaniua!" alisema, akasimama. "Mimi narudi dukani."

"Ngoja, kaka," jirani alisema. "Kosa ni langu, nimekuacha uende bila kukuonyesha. Kwanza, sahau fimbo. Ziache ziburute nyuma. Tembea kama unavyokwenda sokoni."

Alitembea. Baada ya hatua chache mkono wa kushoto ukaanza kwenda na mguu wa kulia, wenyewe.

"Umeona? Sasa ncha iguse chini nyuma yako, si mbele. Halafu jisukume. Mkono ukifika nyuma, legeza kiganja. Mkanda utaishika fimbo, haitaanguka. Na mabega yashushe, hakuna anayekugombeza."

"Kwa nini nijisukume?"

"Ukijisukuma, mikono na mgongo vinafanya kazi pamoja na miguu. Kifua kinafunguka. Wewe uliyejikunja mezani miaka yote hii, ndicho unachohitaji."

"Na mwendo?"

"Mwendo wa kuweza kuongea. Ukishindwa kuongea, punguza."

"Mimi sijawahi kushindwa," alisema Bwana Tiketi kutoka mbele.

"Wewe hata ukilala huwezi kushindwa," jirani akamjibu, na watu wakacheka.

Jumamosi zilipita. Fundi Saa akajifunza kuzivisha ncha za fimbo kofia za mpira kwenye lami, na kuzivua kwenye udongo. Dukani akainua meza ili asiiname sana. Ganzi ikaanza kupungua.

Kisha mvua zikaanza. Fundi Saa akabaki kitandani Jumamosi ya kwanza, akabaki na ya pili, akalizoea blanketi. Mwezi haukuisha, shingo ikakaza tena na vidole vikaanza kufa ganzi. Jirani akaja kugonga mlango.

"Kaka, kwani wewe sukari, utayeyuka?"

"Njia ina utelezi, dada."

"Ndiyo maana hatupiti huko. Wakati wa mvua tunapita kwenye lami, kwa hatua fupi, na viatu vyenye soli ya kushika. Radi ikianza tunarudi. Wakati wa joto tunaondoka mapema, kila mtu na maji yake. Wakati wa baridi unavaa nguo nyepesi mbili tatu. Ukipata joto unavua moja. Mwili haujui misimu, kaka. Ukiuacha, unarudi ulikokuwa."

Jumamosi iliyofuata Fundi Saa alitoka na koti la mvua. Hakukosa tena.

Daktari alipompima mara nyingine, presha ilikuwa imeshuka. Vidole vilishika skrubu bila kuiangusha. "Endelea," alisema, "na yale mazoezi ya shingo usiyaache."

Nyumbani pia kulikuwa na mabadiliko. Fundi Saa alirudi na habari. Alimweleza mkewe njia waliyopita, nani amenunua viatu vibaya, Bwana Tiketi kasema nini. Mkewe alisikiliza huku akisugua miguu yake.

Jumamosi moja ya baridi mume alipokwenda mlangoni atoke, alimkuta mkewe hapo ameshavaa viatu.

"Hizo fimbo, zipo nyingine?"

Siku hiyo walipanda mlima mdogo nyuma ya uwanja. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Mke alihema, na mumewe akapunguza mwendo bila kusema kitu. Wenzao wakatangulia kidogo.

"Hizi Jumamosi zote," mke aliuliza, "huwa mnaongelea nini?"

Bwana Tiketi alimsikia, akageuka.

"Shemeji, tunakujua vizuri sana! Mpaka ulivyomkataa alipokuposa mara ya kwanza tunajua!"

Mke alisimama. Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama njia.

"Uliwaambia?"

"Njia ni ndefu," alisema Fundi Saa.

Mke alicheka mpaka akaegemea fimbo zote mbili. Alipomaliza, aliishika mikanda vizuri, akashusha mabega.

"Ngojeni hapo juu!" aliwaita. "Hamjasikia sababu yenyewe!"

Akaanza kupanda, akimwacha mumewe nyuma.