Usijaze Kimyakimya

"Wewe! Usiguse hicho kifuniko, utaungua uso!"

Foleni nzima ya kituo cha mafuta iligeuka, isipokuwa aliyeambiwa. Alikuwa nesi wa kiume, sare nyeupe imenyooshwa pasi lakini kola imelowa jasho, mkoba wa dawa begani, na mkono wake tayari uko kwenye kifuniko cha rejeta ya pikipiki inayofuka mvuke. Fundi, mwanamke aliyepiga ukelele ule, hakungoja. Alipita katikati ya magari, mikono ya ovaroli yake ya buluu ameifunga kiunoni, kitambaa cha njano kichwani, akamchapa kofi mkononi.

"Jamani, dada! Mbona unanipiga?"

"Afadhali kofi langu kuliko huo mvuke. Nesi mzima hujui kuungua?"

"Najua kuuguza walioungua," alijibu, akijipangusa uso. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Nina wagonjwa watatu wananisubiri majumbani kwao, na hili dude limenichosha. Kila baada ya siku mbili maji yameisha. Na chini huoni hata tone!"

Fundi alikuwa ametoka kazini. Mgongo ulikuwa unamuuma, na duniani humu hakutaka kingine ila kuvua buti. Lakini aliposikia kwamba maji yanaisha bila tone chini, ugonjwa wake ukampanda. Kuna wanawake hawawezi kupita duka la viatu. Yeye hakuweza kupita injini yenye siri.

"Ilete kesho gereji ya kaka yangu, nyuma ya kiwanda cha magodoro," alisema. "Na uache kushikashika vitu vya moto."

Mapenzi yao yalianza hivyo, wote wawili hoi, hakuna aliyepata hata nafasi ya kujitazama kwenye kioo.

Kesho yake Fundi aliipima kila mahali. Pampu ya maji nzima, mafuta ya injini safi, rejeta haina ufa. Akaijaza kulanti mpya, maji ya kijani ya kupozea injini, kisha akatoa kopo la poda ya mtoto na kuanza kuipaka kwenye maungio ya mipira ya maji.

"Haya tena! Pikipiki imepata upele?" Nesi aliuliza.

"Cheka tu. Maji yakipita juu ya poda yanaacha njia. Ila nina sharti moja, Daktari."

"Mimi si daktari."

"Leo ni daktari. Usiongeze maji mpaka nione mwenyewe yamepungua kiasi gani. Umenisikia?"

"Nimesikia, Fundi Poda."

Kwa wiki mbili Nesi alipita gereji kila jioni. Poda ilikuwa haionekani tena, imefunikwa na vumbi la barabarani, lakini maji yalikuwa kwenye alama yake, hayajashuka hata kidogo. Kaka mtu, aliyekuwa akiishi chini ya magari zaidi ya juu yake, alianza kumwita shemeji bila kuulizwa. Na simu nazo hazikukauka.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi. Wewe?"

"Mimi nimekula maneno ya bosi." Siku hiyo sauti ya Nesi haikuwa na mzaha. "Wagonjwa wamelalamika kwamba nachelewa. Ijumaa pikipiki inakaguliwa. Ikionekana bado mbovu wanaichukua, na mimi nahamishiwa kituo cha mbali. Safari ya siku nzima kwa basi."

Fundi alikaa juu ya tairi. Siku nzima kwa basi! Wangeonana lini, na uchovu huu walionao?

"Huendi popote," alisema. Na Jumanne jioni, alipokuta maji yamejaa vilevile, akampa neno alilokuwa akilitamani: "Imepona. Kipenzi, imepona kabisa."

Jumatano saa nne asubuhi simu ikalia.

"Nimekwama mlimani!" Nesi alikuwa akihema. "Injini imechemka. Kuna bibi ana kidonda, ananisubiri tangu asubuhi. Si ulisema imepona?"

"Nilikuta maji yamejaa!"

"Hongera," akasema, akakata simu.

Pikipiki ililetwa mchana kwenye gari la mizigo. Ilipopoa, Fundi alifungua rejeta. Maji machache yaliyobaki humo yalikuwa yamepauka. Kulanti aliyoitia ilikuwa ya kijani kilichokoza, na haya yalikuwa karibu maji ya bomba. Akampigia.

"Umekuwa ukiongeza maji?"

"Kidogo tu. Kila asubuhi."

"Wiki mbili unanidanganya!"

"Ulikuwa umechoka, mpenzi. Nilikukuta siku ile umesinzia umeegemea ukuta, spana mkononi. Nikasema nikimwambia bado yanapungua, huyu hatapumzika. Jana ukaniambia imepona. Leo sikuongeza. Siku niliyokuamini ndiyo siku niliyokwama."

"Uliniacha nijione hodari, kumbe najidanganya mchana kweupe! Usinipigie tena."

Alirusha simu kwenye kasha la vyombo. Alilia, hasira na uchovu pamoja, na kaka yake alikuwa na busara ya kubaki chini ya gari.

Lakini Alhamisi, akiosha mikono, maneno yale yakamrudia. Kila asubuhi. Mbona asubuhi? Na mbona jioni, baada ya kuzunguka mji mzima, maji yalikuwa hayajashuka? Ina maana mchana hayavuji! Yanavuja pikipiki ikiwa imelala, na yeye siku zote alikuwa akiipima ingali moto. Alijipiga paji la uso kwa kiganja chenye sabuni.

Alijaza kulanti, akaichemsha injini, akakausha kila kitu kwa hewa, akapaka poda mpaka kopo likaisha. Kisha akaiacha ipoe usiku kucha.

Ijumaa alifika kabla ya kaka yake. Aliinua tangi, akamulika kwa tochi. Pale nyuma kabisa, mpira unapoingia kwenye injini, mstari mwembamba wa kijani ulikuwa umeteleza juu ya poda ukatuama kwenye kishimo. Klipu inayoubana mpira ilikuwa imeliwa na kutu. Injini ikiwa moto, mpira unavimba na kuziba. Ikipoa, unasinyaa na kuachia. Na asubuhi injini ikiwashwa, yale maji yanakaukia palepale. Klipu ndogo kuliko kidole!

Alipiga simu aliyokataza isipigwe. "Njoo uone. Sijagusa kitu."

Nesi alikuja kwa miguu, akainama, akaangalia mstari ule kwa muda mrefu.

"Nilikuficha jambo," alisema. "Naomba unisamehe."

"Na mimi nilisema imepona kabla sijaona panapovuja. Nisamehe. Nilikuwa nataka ubaki." Alikuwa tayari anafungua klipu. "Shika tochi. Mkaguzi anakungoja saa nne."

Saa saba mchana simu ikalia.

"Wameichemsha, wameipoza, wameichemsha tena," Nesi alisema. "Kavu. Sihami, kipenzi."

Fundi alikalia tairi lake. Kwa furaha akapandisha sauti ya simu hadi mwisho.

"Jioni nakuja kumwona kaka yako."

"Una gari bovu?"

"Sina gari. Nataka kuzungumza naye habari zako."

Kule chini ya gari, spana iliacha kugonga.

"Nina sharti moja," Fundi alisema taratibu. "Chochote kikipungua, uniambie. Hata nikiwa nimechoka vipi. Usijaze kimyakimya."

"Basi nianze leo. Sijalala tangu Jumatano. Viatu vimetoboka. Na namwogopa kaka yako, jamani. Nipumzike kwanza? Nije kesho nikiwa nimejiweka sawa?"

Fundi alijifuta macho kwa mkono wa ovaroli, grisi ikampaka shavuni.

"Njoo leo," alisema. "Njoo hivyo hivyo."