Skrubu ya Mwisho

"Utaratibu wa Kubadilisha Vibao vya Majina ya Mitaa": ndivyo halmashauri inavyoiita kazi ya skrubu nne. Utaratibu unataka kibao kipya kifungwe kabla cha zamani hakijang'olewa, mtaa usije ukakaa bila jina hata dakika moja. Rafiki yangu, fundi vibao, alikuwa akiucheka. "Kwani mtaa ukikosa jina utakimbia?"

Mchana mmoja aliingia kwenye uchochoro ulioezekwa mabati, akapanda ngazi, akang'oa kibao cha zamani. Kipya alikuwa amekisahau kwenye gari. Aliposhuka kukifuata, mwanga wa barabarani haukuwapo. Akapapasa hadi alipoingilia, akagusa ukuta. Mwisho wa pili wa uchochoro, ukuta vilevile. Akampigia simu dereva.

"Shemeji, niletee kibao."

"Nikuletee wapi, fundi? Niko palepale ulipoingilia, na hapa pana ukuta tu. Au ulipitia dirishani?"

"Hebu piga honi."

Honi ikalia hafifu, kama iliyofukiwa.

Hakuwa na njia ila kukirudisha kibao cha zamani gizani. Skrubu ya mwisho ilipokazika, mwanga ukarudi, akatoka mbio.

Ofisini aliripoti kwamba mwanga haukutosha, na hakudanganya. Lililobaki aliniambia mimi. Skrubu ile ya mwisho ilimponyoka akiwa juu ya ngazi. Aliisikia ikidunda chini, ikibingirika, ikinyamaza. Kisha nyayo zikapanda nyuma yake, kipago kwa kipago, na mkono wa baridi ukamwekea skrubu kiganjani, ukamkunja vidole taratibu.