Ukungu Mbele ya Kiti cha Abiria

Haya yalimkuta mkwe wa shoga yangu, fundi wa magari, mbishi asiyeogopa kitu. Dada yake alinunua gari kuukuu linaloshika ukungu kioo cha mbele, kwa ndani, na asubuhi moja ya mvua, akimpeleka mwanawe hospitali ya mbali, akalipitisha kwanza gereji kwa kaka yake.

“Kaka, nitatumbukia bondeni.”

“Umenunua gari au sufuria?”

Akabadilisha fyuzi, feni ikavuma, ukungu palepale. Basi akafunga mlango wa gereji, giza likatanda. Akajifungia garini na tochi, akazima feni, akabana pumzi. Ndivyo apimavyo kama unyevu unatoka kwenye pumzi zake mwenyewe.

Mbele ya kiti kitupu cha abiria kioo kikaingia ukungu, kikatakata, kikaingia tena, taratibu.

Dada akagonga mlango wa gereji. “Kaka, mtoto akae mbele?”

Ukungu ukakoma ghafla, kama kuna mwingine naye amebana pumzi, anasikiliza.