Pumzi ya Akiba

Jua lilikuwa linazama fundi alipofunga mlango wa karakana na kuushusha mkoba wa parachuti wa marehemu mumewe kutoka ukutani. Kazi yenyewe haikuwa ngeni kwake. Ujana wake wote aliumalizia mle, kando ya uwanja mdogo wa ndege, akishona na kukunja parachuti za watu. Lakini mkoba huu alikuwa akiuzunguka tangu mchana, mara afagie, mara anoe mkasi uliokwisha kunolewa. Anayeogopa kuanza hakosi la kufanya.

Aliyemtia kwenye mtego huo ni binti yake. Alikuwa amekuja jana kutoka mji anakofanya kazi, na kesho yake asubuhi angeruka kutoka ndegeni.

"Nitaruka na ya baba," alisema.

"Ya baba yako ni ya kizamani. Parachuti kubwa ikikuharibikia huko juu, ile ya akiba inachelewa kutoka."

"Basi itengeneze, Mama. Si wewe ndiye fundi?"

Marekebisho yalikuwepo, na wateja wengi alishawafanyia. Unashonea utepe mmoja unaounganisha parachuti kubwa na mfuko wa ile ya akiba. Kubwa ikiharibika na mrukaji akaikata, inapopeperuka kwenda zake inaivuta ya akiba itoke papo hapo. Mfumo wa zamani ulitegemea springi peke yake, na springi nayo huzeeka kama sisi.

Shida ni kwamba huwezi kuweka utepe huo bila kuifungua ile ya akiba. Na hiyo aliikunja mumewe, siku chache kabla kifua hakijamlaza kitandani asiinuke tena. Kwa taratibu za kazi ilipaswa kufunguliwa na kukunjwa upya kila mwaka. Mikoba ya watu aliifanyia hivyo bila kukosa. Huu aliuacha uning'inie, na uzi mwekundu aliofunga mumewe kwenye pini haukuguswa. Ndani mlikuwa na mikunjo yake. Mlikuwa na hewa ya siku ile, hewa aliyovuta yeye. Usiku nyumba ikiwa tupu sana, mjane alikuja hapa akauegemezea shavu mkoba ule, kisha akarudi kulala.

Aliwahi kumwambia mtu mmoja tu, wifi yake, na wifi hakucheka.

"Siku ukiifungua, mwambie aende. Useme kwa mdomo."

"Hewa ni hewa, wifi."

"Mimi sijui parachuti," wifi alisema. "Namjua kaka yangu. Hakuwahi kuondoka mahali bila kuagwa."

Basi fundi akashika mkasi, akakata uzi mwekundu, akachomoa pini.

Springi ikaruka juu na kugonga taa. Mkoba ukafunguka taratibu.

Haaaa...

Harufu ya peremende za mnanaa ikajaa chumbani. Mumewe alikuwa hakunji kitu bila kumung'unya peremende. Fundi alisimama amefumba macho, mkono kifuani, na hakuogopa hata kidogo. Alilia tu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akafuta uso kwa kitambaa cha kazi na kuendelea.

Alikagua nguo ya parachuti, mshono kwa mshono. Akashonea utepe, akauvuta kwa nguvu zake zote, ukashika. Nje giza lilikwisha kuingia. Akaikunja parachuti upya juu ya meza ndefu, akaishusha sakafuni, akapiga magoti juu yake ili kutoa hewa. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Hewa ikibaki, mkoba haufungiki sawasawa.

Fuuuu... hewa ikatoka.

Akahamisha magoti. Fuuuu... ikatoka tena.

Akangoja iishe. Haikuisha. Ilikuja, ikakatika kidogo, ikaja tena. Ilikuwa na joto. Ilikuwa na mkoromo mdogo mwishoni, mkoromo aliokesha nao miezi mitatu kando ya kitanda.

Nywele zikamsimama.

"Taratibu..." sauti ikanong'ona chini yake. "Magoti yako bado mazito."

Utani huo ulikuwa wa mtu mmoja tu duniani. Alikuwa akimwambia kila wakikunja pamoja, kwamba magoti yake yanatosha kufungia sanduku la bibi harusi na bibi harusi mwenyewe ndani.

Fundi hakuinuka. Akili yake ilikuwa kwa binti yake aliyelala nyumbani, ambaye asubuhi angekabidhi uhai wake kwa kitambaa hiki. Akakandamiza. Kona ya kulia. Kona ya kushoto. Pumzi ikazidi kuwa fupi, kama ilivyokuwa siku ile ya mwisho, na yeye akawa anazidi kuisukuma nje kwa magoti yake mwenyewe huku machozi yakimdondoka.

"Lini utaruka na mimi?" sauti ikauliza.

Hilo nalo lilikuwa lake. Fundi hakuwahi kuruka maisha yake yote. Mumewe alimwomba miaka nenda miaka rudi, na yeye akajibu kesho, kesho, mpaka kesho zikamwishia mwenzake.

Sasa ndipo pa kusema. Wifi alimwambia. Neno moja tu, nenda, na kila mtu angepumzika. Alifungua kinywa. Akaona nyumba anayorudia, kikombe kimoja mezani, upande wa kitanda usiolaliwa na mtu. Binti naye angeondoka Jumatatu.

"Subiri kidogo," akanong'ona.

Pumzi ikanyamaza. Mkoba ukafungika kwa urahisi usio wa kawaida. Akapitisha pini, akafunga uzi wake mwekundu, akazima taa bila kutazama nyuma.

Asubuhi anga lilikuwa safi. Fundi alisimama uwanjani shingo imempinda kwa kutazama juu. Akaiona ndege, kisha doa dogo likichomoka. Parachuti kubwa ikafunguka upande mmoja tu, ikajisokota, na doa likaanza kuzunguka kama jani. Halafu kubwa ikakatika, ikapeperuka, na papo hapo nyeupe ya akiba ikachanua.

Alikimbia mpaka alipotua. Binti alikuwa ameketi majanini, amejikumbatia mabega.

"Umeumia wapi, mwanangu?"

"Sijaumia." Aliongea polepole. "Mama, nilipokata ile kubwa, kuna mtu alinishika begani. Akanivuta juu."

"Ni ule utepe. Ndiyo kazi yake."

"Utepe haunuki peremende."

Fundi akapiga magoti na kumshika mikono, ambayo ilikuwa baridi sana.

"Alisema kitu?"

Binti akamtazama mama yake kwa huruma, kama anayetoa habari ya msiba.

"Aliuliza mbona hukuja wewe. Nikamwambia Mama haruki. Akasema haina neno. Akasema umemwambia asubiri."

Vijana wa uwanjani walishaingia mashambani kuitafuta parachuti iliyokatwa, kwani ikikatwa huanguka si mbali. Walikuwa wanaitana huku na huku. Hakuna aliyekuwa akitazama juu isipokuwa fundi.

Haikuwa imeanguka. Ilikuwa imefunguka vizuri, imejaa, na chini yake mikanda ikining'inia mitupu. Upepo ulivuma kuelekea mashariki, ukapinda nyasi zote. Parachuti haikwenda nao. Ilikuwa imesimama palepale, juu ya paa la karakana.