Lugha Iliyofungiwa Karanga

Shule zikifunguliwa, duka la fotokopi la Odeta pale Igogo halipitiki. Siku moja ya msimu huo Odeta alivaa gauni la njano lililomkaa hasa, na Rwehumbiza, aliyefuata kopi ya cheti kimoja tu, akajikuta amekaa pembeni saa nzima.

Mapajani alikuwa na bunda la karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Alipoulizwa, alieleza bila aibu kwamba Wakristo wa Misri walikuwa na lugha yao, Kikopti, ambayo siku hizi imebaki kanisani. Yeye aliiendeleza kana kwamba watu hawakuwahi kuacha kuisema sokoni. Alishaitungia neno la umeme, la simu, hata la bodaboda.

"Wanaoiongea wangapi?" Odeta aliuliza.

"Mmoja."

Odeta alicheka hadi akashika meza. Kicheko hicho kilimuuma Rwehumbiza, lakini kesho yake alirudi, na kufikia Pasaka walikuwa wakiitana mpenzi mbele za watu. Ndipo Rwehumbiza akamwachia Odeta zile karatasi azichape. Hakuwa ametoa nakala hata moja, na mashine ya kopi ilikuwa pale pale. Mapenzi hayo.

Wiki hiyo Odeta alikwenda Misungwi kumuuguza mama yake. Mdogo wake Hellen, aliyebaki dukani, aliona karatasi zilizojaa herufi asizozijua, akadhani zimeharibika, akawapa wauza karanga kama wanavyopewa siku zote.

Rwehumbiza alinunua karanga stendi, akakuta mwandiko wake kwenye karatasi iliyozifunga. Akapiga simu.

"Ulipocheka sikusema kitu," alisema. "Lakini kunifungia karanga, Odeta?"

Hakungoja jibu, na baada ya hapo hakupokea tena simu zake.

Odeta si mtu wa kukaa kulia. Aliporudi na kusikia kwa Hellen yaliyotokea, alimzungukia kila muuza karanga kuanzia Igogo hadi Kirumba, akinunua asichokula, akaokoa karatasi mia na sitini kati ya mia mbili. Hazikuwa na namba. Ili kuzipanga ilibidi aelewe kipi kinafuata kipi, na kwa bahati nzuri kila neno lilikuwa na matamshi na Kiswahili chake pembeni, kwa herufi ndogo. Ilimchukua miezi miwili.

Jumapili moja alipanda mawe ya Ilemela hadi mlangoni kwa Rwehumbiza, akamkabidhi bunda lenye madoa ya mafuta. Kisha, polepole, akamweleza yote katika lugha ile ya kwenye karatasi: ugonjwa wa mama, kosa la Hellen, na kwamba anampenda.

Rwehumbiza alishika fremu ya mlango. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Miaka tisa naiandika," alisema. "Sijawahi kuisikia kwa mtu. Asante, Odeta. Asante sana, mpenzi wangu. Na unisamehe, sikukuuliza."

"Nimekusamehe. Ila neno la mchumba sikulikuta. Limepotea na zile arobaini?"

"Halikuwepo. Ningemwita nani?"

Odeta akavua viatu, akaingia, akavuta kiti.

"Litunge," alisema. "Nakusubiri."